Taarifa ya Saa Nane

Kuna watu wanaodharau wenzao kwa kubahatisha, na kuna wanaodharau kwa kipaji. Bi Mawingu alikuwa na kipaji. Alimdharau aliyejenga jengo la kiwanja cha ndege, akawadharau marubani, akamdharau meneja na kalamu zake mbili za mfukoni, na aliyemdharau kuliko wote ni yule bwana wa zamu aliyekuja kumpokea siku za mapumziko. Yule bwana alikuwa anapima hali ya hewa kwa kuchungulia dirishani.

Kazi ya Bi Mawingu ilikuwa hiyo hiyo ya kupima hali ya hewa, kwenye kiwanja kidogo chenye njia moja ya kurukia, kantini moja, kibanda cha mafuta na vyoo viwili, kimoja kikiwa kimefungwa tangu hakuna anayekumbuka lini. Kila ilipotimu saa kamili alishuka ngazi kumi na nne kutoka chumba chake cha juu, akazunguka nyuma ya jengo, akaingia kwenye uwanja wake wa majani wenye uzio wa waya. Alifungua kisanduku cheupe akasoma vipimajoto. Aliitazama soksi ya upepo ilivyojaa na ilikoelekea. Halafu aligeuka pande zote nne bila haraka, kama mtu anayekagua chumba cha mgeni. Upande wa magharibi alikuwa na alama zake tatu: mnara wa maji, kilomita tatu, paa jekundu la shule, kilomita tano, na kilima chenye mlingoti wa simu, kilomita tisa. Akiziona zote, mambo ni shwari. Akikikosa kilima, kuna jambo. Akirudi juu aliandika kwenye daftari, akaandika kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe, na taarifa ikaenda makao makuu.

Hayo aliyafanya miaka ishirini na saba. Aliyafanya akiwa na mimba ya binti yake wa pekee, aliyafanya na homa inamtetemesha, na wiki aliyomzika mumewe alirudi kazini siku ya nne akakuta bwana wa zamu ameandika siku tatu mfululizo kwamba hakuna wingu. Alizipiga mstari mwekundu zote tatu. Hakuwahi hata mara moja kuandika taarifa ya kitu ambacho hakukitazama kwa macho yake, na hilo alilisema mara nyingi sana, hata kwa watu waliokuja kuuliza choo kiko wapi.

Kutoka nje hakukuwa madoido. Dirisha pekee la chumba chake lilitazama mashariki, kwenye njia ya ndege na ukuta wa kantini, na mvua za pale zilitoka magharibi, nyuma ya vyoo. Aliyeuchora mchoro wa jengo lile, Bi Mawingu alisema, alikuwa na akili za kuku, tena kuku wa kisasa.

Basi binti akaolewa, na akaolewa na rubani. Kampuni ilikuwa na ndege mbili ndogo za injini moja, na mkwe ndiye aliyerusha ile yenye mstari wa bluu. Alikuwa kijana wa heshima, anayemwamkia mama mkwe kwa mikono miwili, na Bi Mawingu hakuwa na la kumlaumu mpaka siku aliyonunua kishikwambi. Alikibandika kwenye kioo cha mbele cha ndege kwa mpira wa kunyonya, na pembeni yake akaweka kidude cheusi, saizi ya kipande cha sabuni, kinachopokea hali ya hewa kutoka setilaiti ndege ikiwa angani. Tangu siku hiyo, kwa faragha, Bi Mawingu alimwita Bwana Kioo.

Alikuja nacho mpaka ngazi ya kumi na nne kumwonyesha.

"Shikamoo, mama. Hebu ona. Nikiwa huko juu naona mvua yote. Kijani ni manyunyu, njano ni mvua, nyekundu ndiyo usiguse."

"Marahaba. Na hii nyekundu iko hapo sasa hivi?"

"Sasa hivi. Si unaona, imeandikwa dakika nne zilizopita."

"Dakika nne tangu picha ikufikie wewe, au dakika nne tangu wingu liwe hapo?"

Mkwe alikuna kidevu. Inaelekea swali lile halikuwahi kumpitia. "Dakika nne, mama."

"Haya, baba. Hata mvua ya jana ilikuwa mvua."

Mkwe alicheka kwa adabu, akagusa kioo mahali kilipo kiwanja chao. Pakafunguka kijua cha manjano kinachocheka, chenye mashavu, na mshale mdogo wa upepo. Chini yake paliandikwa joto ishirini na tisa, upepo wa kusini mashariki, mawingu machache. "Na sisi tumo," akasema kwa furaha. "Setilaiti inatuona mpaka hapa mlangoni."

Bi Mawingu alisogeza miwani. Ishirini na tisa ile aliijua. Aliisoma yeye mwenyewe kwenye kisanduku cheupe dakika arobaini zilizopita, na upepo ule aliupima yeye, na mawingu machache yale aliyahesabu yeye shingo imekunjwa nyuma. Taarifa ilitoka kwenye kompyuta iliyokuwa pale mezani, ikaenda makao makuu, ikazunguka dunia, ikarudi imevishwa mashavu. Setilaiti ilikuwa tarishi tu.

Alifungua kinywa amwambie, akakifunga. Mtu amesoma urubani, amefanya mtihani wa hali ya hewa akafaulu, amepewa leseni yenye mhuri, halafu hajui maneno anayoyasoma yanatoka kwenye mdomo wa nani. Ya nini kumweleza? Aliona kumweleza ni kumpa hadhi asiyokuwa nayo. Tena, tuseme ukweli, aliionea raha siri ile. Kila alipomwona mkwe akikisogelea kioo chake kwa unyenyekevu kama anayesomewa dua, Bi Mawingu alicheka tumboni.

Na vya kuchekesha havikukosekana. Kulikuwa na siku ya jua kali kishikwambi kilipochemka angani, kikawa cheusi, kikaandika kwamba kinaomba kupoa. Mzee wa mafuta alisimuliwa na abiria, naye akasimulia kantini: rubani kashika usukani, abiria wa mbele kavua kofia, anakipepea kifaa kama mgonjwa wa homa. Bi Mawingu aliomba kisa kile kirudiwe mara mbili.

Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Meneja naye alinunua kishikwambi chake, kikubwa kuliko cha rubani kwa sababu yeye ni meneja, akawa anakiegemeza kwenye chupa ya pilipili pale kantini na kuwatangazia wanaokula: leo jua, leo wingu, leo upepo wa kaskazini. Alitangaza taarifa za Bi Mawingu, Bi Mawingu akiwa meza ya pili anamsikiliza. Baada ya miezi mitano ya utangazaji huo akaandika barua makao makuu. Alisema kituo cha upimaji hakihitajiki tena, kwa kuwa teknolojia ya kisasa inaleta taarifa zote moja kwa moja. Makao makuu, ambako wako watu wenye akili za aina ile ile, walikubali kwa haraka isiyo ya kawaida yao.

Binti, mimba yake ikiwa ya miezi saba, alimjia mama yake nyumbani amekasirika.

"Mama, si uwaambie? Neno moja tu. Waambie hizo habari zinatoka kwako."

"Niwaambie ili iweje?"

"Ili usifukuzwe."

"Nikiwaambia watasema nalilia mkate. Acha. Jumatatu nikishaondoka watafungua vioo vyao wakute hakuna jua, hakuna wingu, kuna kistari kitupu. Hapo ndipo watauliza."

"Na mume wangu atakuwa angani na hicho kistari kitupu."

"Mume wako ana macho."

"Usitukane wakunga, mama," binti alisema akishika kiuno. Bi Mawingu alijifanya hakusikia, akamsogezea mto.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi mkwe alipita chini ya ngazi akiwa na begi lake. Alikuwa anakwenda kumchukua mganga wa meno na wasaidizi wake wawili waliomaliza wiki ya kung'oa watu meno huko kwenye machimbo.

"Nitatua saa nane na nusu, mama. Tutakula keki pamoja."

"Keki gani? Ya msiba?"

Saa saba Bi Mawingu alitoka nje kama kawaida. Joto thelathini na moja, upepo hakuna, alama zote tatu zilionekana. Nyuma ya kilima, chini sana, palikuwa na kiwingu cheupe kilichotutumka kama koliflawa. Kilikuwa kidogo na hakikumtisha. Alijiambia tu kwamba saa nane atakitazama tena, kwa sababu viwingu vya namna ile havikai vilivyo.

Saa nane kasoro robo meneja alipanda juu na vibarua wawili waliokuja kubeba kompyuta. "Endelea tu, endelea, hatukusumbui," alisema. "Ukimaliza ya saa nane tunachomoa." Wakasimama katikati ya chumba. Mmoja alikuwa anatafuna kitu. Mwingine alianza kupima sakafu kwa hatua, ukuta hadi ukuta, midomo ikihesabu.

"Unapima nini?" Bi Mawingu akauliza.

"Kreti za soda," meneja akajibu kwa niaba yake. "Kantini wamejaa. Hapa zitaingia kama mia."

Bi Mawingu alikuwa amekwisha kuinuka kwenda ngazini. Akakaa tena. Alihisi kitu kikimpanda kifuani, cha moto, na akakiacha kimpande. Miaka ishirini na saba ya kupanda na kushuka, na wanayemwita mrithi wake ni kreti ya soda. Ashuke tena ngazi kumi na nne kwa ajili ya nani? Wamesema mashine inaona. Basi na ione.

Akatazama dirishani. Njia ya ndege ilikuwa inawaka jua, ukuta wa kantini unawaka jua. Akaandika ile ile ya saa saba: upepo hakuna, anga safi, kunaonekana kote. Joto alilibadilisha. Aliandika thelathini na mbili badala ya thelathini na moja, nyuzi moja zaidi, ili ifanane na kazi. Akabonyeza kitufe, akasimama, na wale wawili wakaanza kuchomoa nyaya kabla kiti hakijapoa.

Kantini kulikuwa na keki yenye jina lake lililokosewa, na hotuba. Debe tupu haliachi kuvuma: meneja alizungumzia maendeleo, akazungumzia dunia kuwa kijiji, akamkabidhi Bi Mawingu zawadi ya kampuni ndani ya karatasi ya kumeta. Ilikuwa mwavuli. Mwavuli wa kukunja, wa maua, aina ile inayogeuka bakuli upepo ukivuma. Aliyeitazama mvua kwa miaka ishirini na saba bila kuikimbia alipewa mwavuli, watu wakapiga makofi. Bi Mawingu alisema asante, akatoka kwenda nyuma ya jengo kuchukua mabuti yake yaliyokuwa kwenye uzio.

Ilikuwa saa nane na robo. Alipopinda kona ya vyoo alisimama.

Kilima hakikuwepo. Mahali pa kilima palikuwa na ukuta, rangi ya sufuria iliyoungua, umepanda juu kuliko shingo inavyoweza kufuata. Paa jekundu la shule lilikuwepo, halafu, akiwa analitazama, halikuwepo. Hewa ilikuwa imekufa kabisa. Soksi ya upepo ilining'inia kwenye mlingoti kama soksi ya kweli. Chini ya ule ukuta, vumbi la kahawia lilikuwa linatambaa kuja upande wake, kwa mstari ulionyooka.

Alijua ni nini, maana alishakiandika daftarini mara nyingi. Ni upepo unaoanguka kutoka tumboni mwa wingu, ukagonga ardhi na kusambaa. Ndege ndogo ikiukuta iko chini, inajiandaa kutua, inasukumwa na kutupwa kabla rubani hajamaliza kushangaa. Na ndege yenye mstari wa bluu ilikuwa njiani na watu wanne ndani, na kwenye kioo chake kilikuwepo kijua chenye mashavu. Yeye ndiye aliyekiweka.

Mabuti aliyaacha. Mwanamke wa miaka hamsini na sita alikimbia.

"Meneja, naomba redio. Ndege isije, magharibi kumefunga."

Meneja alikuwa na keki mdomoni. Hakuharakisha kuimeza. Alikigeuza kishikwambi chake kutoka kwenye chupa ya pilipili. "Hapa ni jua. Upepo hakuna, anga safi. Saa nane, dakika kumi na saba zilizopita." Akashusha sauti, akawa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Bi Mawingu, tunakuelewa. Kuondoka kunauma. Lakini tusitishane bure."

"Hilo jua ni langu. Ni taarifa yangu ya saa nane. Hicho kidude hakina macho hapa, macho yake ni mimi."

Meneja alitazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kioo tena. Halafu akasema jambo la maana pekee alilowahi kusema kwenye kiwanja kile. "Kama ni yako, basi si wewe mwenyewe umesema ni shwari?"

Bi Mawingu aligeuka kuitafuta redio. Mzee wa mafuta, ambaye alikuwa amekwisha kunusa hewa na kuinuka, alimwekea redio mkononi. Ilikuwa ile ya kuongea na ndege, yenye sauti kubwa, inayosikika kantini nzima.

"Bwana mkwe, unanisikia? Usije. Geuka."

Redio ilikoroma. "Mama? Nakusikia. Niko dakika saba tu. Kuna nini?"

"Magharibi kumefunga. Kuna upepo unakuja na vumbi. Geuza sasa hivi."

"Mama, mimi natokea kusini, mbele yangu peupe kabisa. Rangi naziona, ziko ng'ambo ya kilima, bado ziko mbali. Na kiwanja ni shwari, taarifa ya saa nane ninayo hapa. Usiwe na wasiwasi. Nitawahi."

Alizungumza vizuri, taratibu, vile mtu anavyozungumza na mzazi aliyechanganyikiwa siku ya kuachishwa kazi. Bi Mawingu aliitambua ile sauti. Ilikuwa dharau iliyovaa heshima, na hakuna mtu chini ya jua aliyeijua vizuri kuliko yeye. Nyuma yake watu wa kantini walikuwa wameacha kutafuna. Vumbi lilikuwa limeufikia mnara wa maji.

"Sikiliza," alisema. "Hiyo ya saa nane nimeiandika mimi. Zote za hapa naziandika mimi. Tangu ununue hicho kioo unanisoma mimi. Na hiyo ya saa nane ni ya uongo. Niliiandika nimekaa kwenye kiti. Sikutoka nje."

Mama wa kantini aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika.

"Rudia, mama. Sijakupata vizuri."

Alikuwa amempata. Lakini rubani hurudishiwa jambo zito mara mbili, ndivyo walivyofundishwa, na Bi Mawingu ilimbidi aliseme tena mbele ya meneja, mzee wa mafuta, mama wa kantini, wabeba kompyuta wawili, na yeyote mwenye redio kwenye anga lile lote.

"Sikutoka nje."

"Nimeelewa. Nageuka. Nakwenda kutua kiwanja cha shamba la miwa."

Dakika nne baadaye upepo ulifika. Ulikuja na mchanga kwanza, halafu matawi, halafu bati la choo kilichofungwa, ambalo liliruka juu ya njia ya ndege kama karatasi. Kantini ililia pande zote. Ndege ya pili ya kampuni, iliyokuwa imefungwa chini kwa kamba tatu, ilikata mbili ikainuka bawa moja, ikatua mgongo chini pale pale ilipoegeshwa, na magurudumu yake yakabaki juu yakizunguka polepole. Watu walikuwa wamejibanza chini ya meza. Juu ya meza, kwenye chupa ya pilipili, kijua kiliendelea kucheka. Anga safi, kilisema. Dakika ishirini na nane zilizopita.

Saa kumi na moja binti alipiga simu kwamba mumewe yuko salama kwa watu wa miwa, analalamika ubaridi, na mganga wa meno ametapika kwenye begi la vifaa vyake. Kisha akakata. Bi Mawingu alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatwa, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira na aibu vikiwa vimechanganyika hivi kwamba hakujua analilia kipi.

Mkwe alikuja kesho yake mchana, nguo zikiwa bado na vumbi. Alimwamkia kwa mikono miwili, akakaa, akapewa chai. Bi Mawingu alikuwa amejiandaa kukemewa. Alikuwa na majibu matano tayari. Lakini mkwe hamkemei mama mkwe, na majibu yote matano yakamlala rohoni.

"Kumbe ni wewe, mama."

"Ni mimi."

"Miezi yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

Angeweza kusema hukuuliza. Angeweza kusema meneja, barua, kreti za soda. "Nilikudharau," alisema.

Mkwe aligeuza kikombe. "Nilijua unanidharau. Na mimi nilikuwa nakuona mtu wa zamani, unajisumbua na ngazi zako. Yaani nakupita hapo chini nakuonea huruma, halafu napanda ndege nakuamini wewe peke yako." Alikunywa chai yake yote, akaaga.

Jumatatu kompyuta ilirudishwa juu na wale wale wawili. Hakuna aliyeomba radhi. Meneja aliandika barua ya kusitisha kusitishwa kwa kituo, yenye kurasa mbili, na kishikwambi chake hakikuonekana tena kwenye chupa ya pilipili. Mwavuli wa maua ulikuwa umegeuka bakuli tangu Ijumaa ile ile.

Lakini mwosha huoshwa. Kantini walipata msemo mpya. Mpishi akiulizwa mbona mchuzi hauna chumvi, alijibu, "Sikutoka nje." Mzee wa mafuta akiulizwa mke wake anaendeleaje, "Sijui, sikutoka nje." Bwana wa zamu, yule wa dirishani, alipanda juu siku ya mapumziko akalikuta daftari limefunguliwa kwenye ile Ijumaa. Palikuwa na mstari mwekundu juu ya taarifa ya saa nane, uliopigwa na mwenyewe kwa rula. Yule bwana alipangusa tu vumbi la dirisha kwa mkono wa shati, akachungulia, akatabasamu, na Bi Mawingu, aliyekuwa anachukua miwani yake aliyoisahau, aliliona tabasamu lile na kulimeza.

Hayo yote aliyastahimili. Lililomuuma ni lingine. Tangu wiki ile mkwe wake, kila akiwa anarudi, akiwa dakika kumi na tano kutoka kiwanjani, aliita kwenye redio. Hakuita kwa kejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Angekejeli, Bi Mawingu angejua la kumfanya. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayekagua breki, kila safari, kantini nzima ikisikia.

"Mama, kioo kinasema jua. Umetoka nje?"

Mara ya kwanza alitamani kuitupa redio kwenye pipa. Mara ya kumi alijibu bila kuuma meno. Mjukuu alizaliwa, wa kike, mwenye sauti kubwa, na Bi Mawingu alidhani labda sasa mwanamume ataona imetosha. Safari iliyofuata baada ya arobaini ya mtoto Bi Mawingu alikuwa anapanda ngazi, amelowa mpaka ndani, maji yanamchuruzika kutoka kwenye mabuti hadi kwenye daftari, aliposikia redio ikikoroma mezani.

"Mama, kioo kinasema mvua nyepesi. Umetoka nje?"

Alivuta kiti asikikalie. Akajipangusa mkono kwanza, ndipo akaishika redio.

"Nimetoka, baba. Mnara nauona. Paa la shule naliona kwa shida. Kilima sikioni."

"Asante, mama. Basi nasubiri huku."